Amana ya Elimu: Habari za Watu Waliopima Umuravumba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa chama katika mkutano wa ukumbusho, Kamembe)

 



Wenye kuandaa mkutano huu waliniagiza niseme juu ya fadhila za elimu. Nami nilipokaa kuandika niliona ya kuwa jambo hili mmekwisha kulisikia kwangu mara nyingi, kila Ramadhani na kila Maulidi, hata watoto wa madrasa waweza kulisoma kwa ghaibu pasipo mimi. Kwa hivyo nimeomba ruhusa nilieleze kwa njia nyingine. Nitawasimulia habari za kikundi cha watu wa chuo kikuu ambao kazi yao ilikuwa kuchuma majani, kuyaroweka, kuyachuja na kuyapima. Hawakukusanywa na dini moja wala na kabila moja, bali na kazi. Nimeona katika kazi yao tabia ambazo sisi twazihubiri, na nimeona kwetu upungufu wa tabia hizo hizo; na upungufu wa kwanza nitakaoueleza ni wangu mwenyewe.

Hakuna mtu aliyelelewa katika wilaya hii asiyeujua umuravumba. Ni mti mdogo wa uani, majani yake yana manyoya mafupi na unato, na harufu yake hukaa mkononi hata baada ya kunawa. Mtoto akikohoa, umuravumba. Akiumwa na tumbo, umuravumba. Akipata homa au akihara, ni huo huo. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiyafikicha majani yake katika bakuli la maji, akitia kiganja kimoja kwa mtoto na viganja viwili kwa mtu mzima. Siku moja, nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, nilimwuliza: kiganja cha nani? Kwa maana kiganja cha baba kilikuwa kama sahani, na cha mama kilikuwa kama kikombe cha kahawa. Alinitazama, akacheka, akaniambia nisiwe mtoto wa maswali. Swali hilo lilikaa ndani yangu miaka mingi bila ya jawabu.

Kumbe huko Butare, mji ambao leo waitwa Huye, walikuwapo watu waliokuwa wakiliuliza swali hilo hilo kwa vyombo na vitabu. Katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kilichofunguliwa mwaka 1963, wanakemia walianza kuichunguza mimea ambayo waganga wetu huitumia. Mmoja wa waliokuwa mbele katika kazi hiyo alikuwa mkemia Mbelgiji, Luc Van Puyvelde. Mwaka 1979 yeye na wenziwe walichapisha habari za vitu vipya walivyovikuta katika umuravumba. Mwaka 1980 ikaundwa chuoni hapo nyumba maalumu ya kazi hiyo, kituo cha utafiti wa dawa na tiba za asili, kilichojulikana kwa kifupi cha jina lake la Kifaransa, CURPHAMETRA. Na mwaka 1989 kituo hicho kikaingizwa katika taasisi ya taifa ya utafiti wa sayansi na ufundi, hapo hapo Butare.

Sasa tazameni namna walivyofanya, kwani ndani ya namna hiyo ndimo yalimo mazungumzo yangu yote. Kwanza walikwenda kwa wenye kujua, yaani waganga na wazee, wakawauliza mmea gani hutumiwa kwa maradhi gani. Kisha waliuchuma mmea, na tawi moja likakaushwa na kubanwa katika karatasi, likaandikwa jina, na mahali lilipotoka, na siku yake, likawekwa akiba. Jambo hili la tawi la akiba huonekana dogo, walakini nitalirudia baadaye, kwa sababu mimi liliniumbua. Umuravumba wenyewe katika maandiko yao ya kwanza uliitwa kwa Kilatini Iboza riparia, na baadaye wataalamu wa mimea wakaona jina linalofaa ni Tetradenia riparia. Jina lilibadilika, tawi halikubadilika. Mtu akitia shaka atakwenda kulitazama.

Baada ya hapo majani hukaushwa, husagwa, na hurowekwa katika spiriti na maji mengine ya namna hiyo, kila maji yakitoa kitu chake. Kama mjuavyo kuwa rangi ya kitambaa yaweza kukataa kutoka kwa maji ya mtoni na ikakubali kwa mafuta ya taa. Maji yale huvukizwa, na yanayobaki hupitishwa katika bomba la kioo lililojazwa unga mweupe, ili vitu vilivyochanganyika vitengane: kimoja hutangulia, kimoja hukawia. Kila fungu huwekwa katika chupa yake na kuandikwa namba. Kisha huulizwa chupa kwa chupa: wewe una nguvu, au huna?

Na hapa waliniburudisha sana moyo, kwani hawakungoja vyombo vya gharama kubwa. Katika maandiko yao ya mwaka 1988 wanaeleza kuwa walitumia mbegu za ngano. Mbegu huachwa ziote zikiwa na maji ya mmea unaochunguzwa, na vijizizi vyake hupimwa: vikikataa kurefuka, basi ndani ya maji yale mna kitu chenye nguvu, na yafaa kuendelea kukitafuta. Mbegu za ngano na rula! Sisi hudhani kwamba elimu haianzi mpaka ije meli kutoka Ulaya na masanduku.

Mwaka 1986 wakachapisha ya kuwa wamekipata kitu kimoja safi katika majani ya umuravumba, chenye kuzuia baadhi ya bakteria na baadhi ya kuvu visikue. Jina lake ni refu, nami nimelifanyia mazoezi siku tatu ili nisiaibike mbele yenu: sandarakopimaradieni-dioli. Msicheke. Mkilisikiliza vizuri mtasikia ndani yake neno letu wenyewe, sandarusi, ile gundi ya miti iliyokuwa ikiuzwa Unguja na pwani yote. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa kitu hicho hicho hulegeza misuli ya utumbo iliyokazana. Walilijaribu hilo katika utumbo wa simbilisi, wale wanyama wadogo ambao majirani zetu wa Bukavu huwafuga. Basi mama yangu, aliyekuwa akitunyweshea umuravumba tumbo likisokota, hakuwa akikisia kitu cha upuuzi.

Lakini hawakusema kwamba umuravumba ni dawa ya kila kitu. Hili nataka mlishike. Katika mwaka ule ule wa 1986, Van Puyvelde na mwenziwe Boily walitoa matokeo ya kupima mimea mingi ya dawa ya Rwanda dhidi ya vijidudu, na si kila mmea uliosifiwa na waganga ulioonekana una nguvu juu ya vijidudu hivyo. Palipo na nguvu waliandika nguvu. Pasipo na kitu waliandika hapana kitu. Na hata penye nguvu waliandika kwa kiasi: kitu hiki, kwa kipimo hiki, katika sahani ya kioo. Sahani ya kioo si tumbo la mtoto, na wao ndio wa kwanza kulisema.

Mimi nilisomeshwa chuoni kwa masheikh, na kwa masomo ya dunia nilimaliza shule ya msingi tu. Makaratasi yao yameandikwa Kiingereza na Kifaransa, nami nilisomewa na kufasiriwa na binti ya dada yangu, ambaye habari zake zitakuja. Aliponisomea, jambo la kwanza lililonijia akilini ni elimu ya Hadithi. Enyi vijana wa madrasa, ninyi mwajua ya kuwa Imamu Bukhari hakuwa akipokea habari kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu msemaji wake ni mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. Aliuliza: umeisikia kwa nani? Na huyo kaisikia kwa nani? Je, walikutana? Je, huyu ni msema kweli, na je, hifadhi yake ni imara? Safari za miezi zilifanywa kwa ajili ya habari moja, na habari ikikosa kiungo kimoja ilitiwa katika dhaifu. Na wanavyuoni wetu hawakuzitupa zile dhaifu wakajifanya hazikuwapo. Waliziandika, wakaandika na majina ya wapokezi wake na ila zao, ili atakayekuja baadaye asidanganyike. Hiyo ndiyo isnadi. Daftari la wanakemia wa Butare ni isnadi. Fulani kasema mmea huu, tawi lake hili hapa, fulani kauchuma siku fulani, fulani kaupima, limeonekana hili na halikuonekana lile.

Na majina wanayataja. Andiko lile la mwaka 1986 juu ya umuravumba halina jina moja la mkubwa peke yake. Lina majina manane, ya watu wa Ulaya na ya watu wa nchi hii kwa pamoja, na jina la pili, mara tu baada ya la Van Puyvelde, ni Nyirankuliza. Nasi Wanyarwanda twajua jina lililoanza hivyo huitwa nani. Mtu aliyeosha chupa na mtu aliyeandika mwisho wa habari wote wana haki katika kazi, na wenye insafu hawaidhulumu haki hiyo. Nasema haya nikijua ya kuwa katika vyama vyetu, na sijatoa hiki chetu, kazi hufanywa na watu kumi na shukrani hupewa mwenyekiti.

Wengine mtaniambia: Sheikh, mbona wawasifu hawa, ilhali kemia ni elimu yetu? Jina lenyewe ni la Kiarabu. Jabir bin Hayyan ndiye baba yake. Na Abubakar Al-Razi aliandika vyombo na madawa na namna ya kuyeyusha na kutonesha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ni kweli, na chombo cha kutoneshea hata leo katika lugha za Ulaya huitwa kwa neno lililotoka kwa Waarabu, al-anbiq. Nimelisema hili mara nyingi mimbarini, na watu hufurahi. Lakini sikumbuki kuwa nimepata kuona, baada ya khutba ile, mtoto mmoja amenunuliwa mizani. Al-Razi alikuwa akipima, sisi twamtaja.

Na kupima si jambo la anasa. Simameni pale Cyangugu mtazame ng'ambo ya Mto Rusizi, mtaiona Bukavu. Huko kwa miaka mingi kiwanda cha Pharmakina kilijulikana kwa kutengeneza kwinini kutoka katika magome ya mkwinini unaolimwa Kivu. Watu wa Peru walilijua gome lile kuwa ni dawa ya homa kabla ya mwanakemia yeyote kuligusa. Lakini mti mmoja una kwinini nyingi na mwingine una kidogo. Anayechemsha gome kwa kukisia leo hapati nafuu, na kesho hupigwa na kelele masikioni kwa kuzidisha. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa kwinini yenyewe ikiwa safi, na tangu hapo mgonjwa aliweza kupewa kipimo kinachojulikana. Hilo ndilo jawabu la swali langu la utotoni. Kiganja si cha mtu yeyote; ni mizani.

Sasa nitatimiza ahadi ya kueleza upungufu wangu.

Mama yangu alinifundisha na jani jingine, la vidonda visivyopona upesi. Jina lake sitalitaja hapa, asije mtu akatoka katika mkutano huu kwenda kulichuma. Alipofariki nikalirithi, nami kwa kuwa ni sheikh watu walinijia, na sikuwatoza kitu. Jani lile tulikuwa tukilichuma mlimani, mwendo wa nusu siku. Baadaye nikaliona, au nikadhani nimeliona, limeota kwa wingi karibu na nyumbani, nikamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunipunguzia safari. Kwa miaka kadhaa nilichanganya la mlimani na la karibu, kisha nikaacha kupanda mlima.

Binti ya dada yangu alipokuwa akisoma kemia katika chuo kikuu kimoja, alinijia likizoni akaniomba furushi la jani hilo apeleke maabara kwa walimu wake. Nilikataa mara mbili. Nilimwambia ni siri ya nyumba. Kusema kweli haikuwa siri, ilikuwa kiburi. Nilichelea kuwa likijulikana, mimi sitajulikana tena. Mara ya tatu aliniuliza kama nitakubali mwanafunzi anisomee Hadithi kisha akatae kuitaja isnadi yake. Mtoto huyu nilimfundisha mimi mwenyewe herufi, na sasa alinifunga kwa kamba yangu. Nikampa furushi, na baada ya majuma kadhaa nikamfuata kwenda kusikia matokeo, nikipita msitu wa Nyungwe nikiwa na furaha kama mtu aendaye kupokea nishani.

Walinipokea kwa heshima. Walinipa kiti na chai, wakaniita mzee, ingawa nilikuwa sijafika hapo. Walinionyesha sahani za kioo zenye kitu kama uji ulioganda, ambamo vijidudu vimeoteshwa. Juu yake wameweka vipande vya karatasi vya mviringo: kimoja kimechovywa katika dawa ya hospitali, na vingine katika maji ya jani langu. Kukizunguka kile cha hospitali palikuwa na duara safi, ambapo vijidudu havikuota. Kuvizunguka vya kwangu vijidudu vimejaa hata ukingoni mwa karatasi, kama majani ya mvua.

Mwalimu mkubwa wa kikundi kile hakucheka wala hakunihubiria. Alisema maneno machache: kwamba jaribio moja halitoshi, kwamba huenda jani lafanya kazi kwa njia nyingine isiyo ya kuua vijidudu, na kwamba mtaalamu wa mimea ana neno. Mtaalamu yule alikuwa amelifungua furushi langu mezani akaligawa mafungu mawili. Akaniambia: mzee, hii ni mimea miwili. Akanionyesha ukingo wa jani na upande wake wa chini. Nilipotazama niliona, na nilipokwisha kuona sikuweza tena kutoona. Fungu dogo lilikuwa masalio ya mlimani, ambayo niliyahifadhi tangu zamani. Fungu kubwa lilikuwa la karibu na nyumbani. Walipoyapima mbalimbali, dogo lilionyesha duara jembamba, na kubwa halikuonyesha kitu.

Ndugu zangu, isnadi yangu ilikuwa imekatika, na kiungo kilichokatika ni mimi. Laiti mama yangu angaliacha tawi moja lililobanwa katika karatasi, ningalijua siku ya kwanza.

Miongoni mwa niliowapa jani lile alikuwamo mzee mmoja wa mtaa wetu mwenye kidonda mguuni. Alikuwa na kisukari, naye hajui, wala mimi sikujua. Alikaa na majani yangu miezi mitatu. Alipofika hospitali walimkata vidole viwili. Sheria yetu, kama mjuavyo, inamtia dhamana mtu ajitiaye katika utabibu hali hana elimu yake, na haimtazami kama alichukua malipo au hakuchukua. Nilikwenda kwake nikamweleza yote, habari ya mafungu mawili na ya duara, nikamtaka radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia: "Sheikh, mimi nilikuja kwako kwa sababu hospitali nilichelea gharama, na wewe hukuwa ukitoza." Alinisamehe, lakini neno lile sikuliona kuwa msamaha mtupu.

Ijumaa iliyofuata nilisimama nikawaambia watu waache jani langu. Wapo walionikasirikia. Bibi mmoja hadi leo hanijibu salamu vizuri, kwani asema mjukuu wake alipona kwalo na mimi nimeitukana neema. Nami siwezi kumwambia hakupona. Naweza kumwambia tu kwamba vidonda vingine hupona vyenyewe, na kwamba ndiyo maana wale watu wa maabara huweka na karatasi isiyo na dawa yoyote kando ya zile zenye dawa.

Yako mambo mengine ambayo mtu wa nchi hii hawezi kuisifu Butare pasi na kuyataja. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, walimu na wanafunzi wengi wa chuo kikuu kile waliuawa, na miongoni mwa wauaji na wasaidizi wao walikuwamo wasomi. Mwaka 2001 mahakama ya Brussels ilimhukumu mwalimu wa fizikia wa chuo hicho kwa makosa aliyoyafanya wakati ule. Mtu huyo alijua kupima. Na siku zizo hizo walikuwako watu wasiojua kuandika majina yao, Waislamu na wasio Waislamu, waliowaficha jirani zao darini na mashambani. Sisi Waislamu wa Rwanda tumesifiwa sana kwa jambo hilo na wageni wanaoandika vitabu. Nami huogopa sifa hiyo, kwa kuwa si wetu wote tulioistahiki. Nililolitaja kwa ajili yake ni hili: ukweli wa daftari na ukweli wa mtu mbele ya jirani yake si kitu kimoja, na wa kwanza hauzai wa pili wenyewe. Wapaswa kufundishwa wote wawili, na huo wa pili ni kazi yetu sisi wa misikiti na makanisa, ambayo hatukuifanya sawasawa.

Baada ya kiangazi kile kazi ilianzwa upya, na iliwezekana kuanzwa kwa sababu mengi yalikuwa yamekwisha kuandikwa na kuchapishwa. Mwaka 1993 tu, Rwangabo alikuwa ametoa huko Paris kitabu chake juu ya tiba ya asili ya Rwanda. Na tangu mwaka 1984 wanakemia wa nchi zetu za mashariki na kati ya Afrika walikuwa na umoja wao wa kuchunguza mimea, NAPRECA, ambao Ermias Dagne wa Addis Ababa na Mayunga Nkunya wa Dar es Salaam waliutumikia kwa muda mrefu. Kwa hivyo lililojulikana Butare lilikuwa limejulikana na Addis na Dar es Salaam pia. Mganga aliyekufa na siri yake hana Addis wala Dar es Salaam.

Neno moja kwa wazazi, kisha nimalize. Baba zetu wakati wa Wabelgiji walichelea shule, na walikuwa na sababu, kwani shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni na mtoto aliingia Ali akatoka Alexis. Wakatufanya madereva na wachuuzi, na kazi hizo zimetulisha. Lakini sababu ile imekwisha. Binti ya dada yangu alipochaguliwa kusoma kemia, walikuja watu kwangu, nao wamo humu ndani, wakanishauri nimwozeshe, wakisema mwanamke na chupa za sumu wapi na wapi. Kama ningaliwasikiliza, hata leo ningekuwa nikichuma jani la karibu na nyumbani.

Basi tumekubaliana na kamati jambo hili. Kila Jumamosi baada ya Alasiri, katika chumba cha kwanza cha madrasa, yeye atakaa na daftari kubwa, pamoja na wasichana wawili wa sekondari aliowafundisha. Mzee yeyote, mama yeyote, mwenye jani analolijua, na aje na tawi lake zima, lenye maua kama yapatikana. Litabanwa katika magazeti ya zamani mbele yake, na jina lake mwenyewe litaandikwa, na jina la aliyemfundisha, na mahali linapoota, na kiasi anachotumia, na wagonjwa ambao halikuwafaa. Hao wa mwisho nawaomba msiwafiche. Asiyetaka jani lake litoke nje ya chumba kile, litaandikwa hivyo na halitatoka. Magazeti tunayo ya kutosha, ila gundi twaomba mwenye duka atusaidie.

Ukurasa wa kwanza umekwisha kujazwa. Ni wangu, na yapo hapo matawi mawili, la mlimani na la karibu na nyumbani, kila moja na jina lake.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.